Kutapika si sehemu ya kupona

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Wiki kumi na moja zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo huko India, nikarudi nyumbani siku ya kumi na mbili. Nilikuwa na kilo 124, sasa nina 99. Kwa wiki tatu hivi chakula hakikai, karibu kila ninachokula nakirudisha. Nabaki na uji wa mchele na soda ya tangawizi, lakini niliambiwa kutapika ni kawaida mpaka tumbo lizoee. Miguu nayo inakufa ganzi usiku, nadhani ni uchovu. Kinachoninyima raha ni nywele, zinatoka mkono mzima nikichana. Je, zitarudi? Ukweni wanasema nimeathirika, na mama mkwe anaona namdharau kwa kutogusa ugali wake. Nitakula ugali tena? Ramadhani nifunge? Na wewe uliyepitia haya, ilikuwaje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ina maswali manne, lakini kilichonishtua ni sentensi ambayo hukuiuliza. Nilipofika kwenye miguu niliacha kusoma nikakupigia simu. Mtu aliyepunguzwa tumbo, akatapika wiki tatu, kisha miguu ikaanza kufa ganzi, huyo hana uchovu. Nilikuomba uende hospitali ya Bombo usiku uleule na umwambie daktari wa zamu kabla ya jambo lolote: nimepunguzwa tumbo, natapika wiki tatu, nahofia nimeishiwa vitamini B1, naomba sindano yake kwanza ndipo niwekewe dripu ya glukosi. Nashukuru ulikwenda. Nashukuru pia kwamba mumeo hakusema tungoje asubuhi.

Sasa naandika kwa utulivu, kwa ajili yako na kwa ajili ya wengine walioambiwa kama wewe kwamba kutapika ni kawaida.

Vitamini B1, ambayo hospitali huiita thiamini, haina ghala kubwa mwilini. Akiba yote ni miligramu 30 hivi, na usipoiongezea kwa chakula au vidonge inaisha ndani ya wiki mbili au tatu. Miaka ya 1890 huko Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu sawasawa na wagonjwa wa beriberi. Walipolishwa mchele wenye pumba zake wakasimama tena. Kilichokuwamo kwenye zile pumba ndicho tunachokiita thiamini. Na wewe kwa wiki tatu umeishi kwa uji wa mchele mweupe na soda. Umepikiwa kwa upendo, najua. Pwani nzima mgonjwa hupikiwa uji wa mchele, na kwa malaria au homa ya kawaida hauna ubaya. Kwa tumbo lililokatwa na mtu anayetapika, uji huo mtupu unamfanya ashibe huku neva zake zinakufa njaa.

Suala la dripu nalisisitiza kwa sababu kosa hapo hufanyika kwa nia njema. Mgonjwa anafika amenyauka, midomo imekauka, na jambo la kwanza linalomjia mhudumu ni glukosi. Lakini mwili hauwezi kuichoma sukari bila B1. Ukiumiminia sukari nyingi kwa ghafla, chembe za B1 zilizobaki zinamalizwa palepale, na ubongo ndio unaolipa. Mtu anaanza kuona mbilimbili, macho yanachezacheza, anapepesuka kama mlevi, kisha anachanganyikiwa. Daktari Mjerumani Carl Wernicke aliieleza hali hiyo tangu mwaka 1881, na mpaka leo anayecheleweshewa dawa anaweza kupoteza kumbukumbu moja kwa moja. Akiwahi, sindano za B1 ni dawa ya bei ndogo, na macho yanaweza kuanza kutulia ndani ya siku moja au mbili. Miguu huchelewa zaidi, wakati mwingine miezi, kwa hiyo usikate tamaa ikiwa bado inachomachoma.

Sasa chanzo chenyewe. Mtaani wanasema “amekatwa utumbo”. Wewe utumbo wako haujaguswa. Kwa maelezo uliyonipa kwenye simu, ulichofanyiwa ni kukatwa mfuko wa chakula: robo tatu yake au zaidi imetolewa nje kabisa, na kilichobaki kimefungwa kwa pini nyembamba, kikawa mfano wa ndizi. Kimebaki na nafasi ya mililita 100 hadi 150, kama kikombe kidogo cha kahawa kilichojaa na kijiko au viwili juu yake. Upasuaji wa njia ya mkato ni mwingine: kule utumbo huunganishwa upya, na upungufu wa vitamini huwa mkubwa zaidi. Puto la tumboni kama lile linalowekwa katika hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, nalo ni jambo la tatu, kwa sababu hilo huondolewa baada ya miezi kadhaa. Nayatenganisha kwa makusudi, maana watu watatu waliofanyiwa mambo matatu tofauti hukaa pamoja wakashauriana kana kwamba wana tumbo moja.

Kwenye hiyo ndizi iliyobaki kuna kona, karibu na nusu ya chini. Pini zikibana sana pale, au kovu likijikunja, njia inakuwa nyembamba. Hapo uji na maji hupita, chakula kigumu kinagoma. Ndivyo unavyonieleza. Huenda pia ni ulaji tu, kumeza haraka au kunywa juu ya chakula, lakini wiki tatu ni nyingi mno kwa kubahatisha. Ndiyo maana nimesema upigwe picha ya eksirei huku ukimeza dawa nyeupe, au uingizwe kamera ya endoskopi. Ikionekana pamebana, mara nyingi panatanuliwa kwa puto dogo kupitia mdomoni, bila kisu. Siku chache za kwanza baada ya upasuaji, kichefuchefu na kutapika mara mojamoja hutokea kwa wengi. Wiki ya nane hadi ya kumi na moja, kila siku, hapana. Kutapika si sehemu ya kupona, na aliyekuambia uvumilie alikosea.

Umeuliza kwangu ilikuwaje. Nilipasuliwa mwaka 2018, nikiwa na kilo 128, urefu wa mita 1.62 na kisukari cha miaka sita. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na moja katika kazi hii ya lishe. Nilikuwa nimeshapungua na kurudia uzito mara nne. Unene wa kiwango kile ni ugonjwa ambao mwili wenyewe unaulinda: ukipunguza chakula, unaongeza njaa na unabana matumizi ya nguvu mpaka urudi ulikotoka. Upasuaji unafanya kazi kwa sababu unaingilia hapo. Grelini, homoni inayoamsha njaa, hutengenezwa zaidi sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, na sehemu hiyo ndiyo inayokatwa. Niliamka siku ya pili nikagundua sina njaa, na nililia. Tangu utotoni sikuwahi kukaa saa nne bila kufikiria chakula.

Maumivu ya matundu matano ya tumboni yalivumilika. Yaliyonitesa yalikuwa ya bega la kushoto, ambayo hakuna aliyenitayarisha nayo: ni ile gesi wanayokupulizia tumboni ili wapate nafasi ya kuona, inasumbua kiwambo cha chini ya mapafu na maumivu yanasikika begani. Dawa yake ni kutembea. Nilitembea kwenye korido nikiwa nimeshika chuma cha dripu, na kutembea huko pia ndiko kunakozuia damu kuganda miguuni. Kisha muuguzi akaniletea maji kwenye kile kikombe cha plastiki cha kupimia dawa, mililita 30. Nilikimaliza kwa robo saa.

Siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi moja, ya Kiingereza, imejaa jibini laini, tofu na brokoli. Dagaa hawamo, kunde hazimo, mtindi haumo. Na kuhusu kutapika iliandikwa kwamba ni kawaida. Mimi nilikuwa mtaalamu, niliweza kuitafsiri na kuisahihisha. Nilifikiria yule mama wa kitanda cha pili aliyeikunja akaitia kwenye pochi. Kazi ninayoifanya sasa ilianzia kwenye karatasi ile.

Basi hii ndiyo ningempa yeye, na nakupa wewe kwa wakati njia itakapokuwa imefunguka. Usirukie wali siku hiyohiyo. Rudi nyuma hatua mbili. Siku chache maziwa, mtindi na supu iliyochujwa, kisha vilivyosagwa, kisha laini. Kwenye kila sahani anza na protini, maana nafasi ni ndogo na wanga ukitangulia unaichukua yote. Unatakiwa kupata gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina gramu 6. Kipande cha samaki kinachotosha kiganja, bila vidole, kina kama 20. Kikombe cha mtindi kina 8, cha maziwa 8. Dagaa wakavu ukiwasaga unga, vijiko viwili vya chakula vilivyojaa vinakaribia yai, na unaweza kuwakorogea kwenye supu bila kuona wala kutafuna. Ongeza maharage au choroko zilizopondwa, nusu kikombe. Ukigawa hivyo katika mara sita kwa siku, unakaribia gramu 60 bila unga wa makopo wa bei kubwa. Unga huo si mbaya. Ninachokataa ni mtu kukopa ili aununue.

Kula kwa kijiko cha chai. Tafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni, weka kijiko chini, hesabu pumzi chache. Maji yasikutane na chakula: acha kunywa kabla kidogo ya kula, na baada ya kula ngoja nusu saa. Lakini kati ya milo kunywa muda wote, funda kwa funda, mpaka lita moja na nusu. Soda iache kabisa. Gesi yake inatanua pasipo na pa kutanukia, na sukari yake inapita kama maji bila kukushibisha.

Tumbo jipya husema kwa ishara ndogo. La zamani lilikuwa linagoma likijaa pomoni. Hili linakuonya kwa pua kuchuruzika, kwikwi moja, au mgandamizo chini ya kifua. Ukiona kimojawapo, kijiko kinachofuata ndicho kitakachorudi. Acha pale, hata kama kimebaki kijiko kimoja na ni dhambi kutupa chakula.

Nilijifunza hilo kwa ugali. Wiki ya tisa nilikwenda kwa mama yangu, akasonga ugali wa dona kwa mlenda. Nikamega tonge dogo kama karanga iliyomenywa, nikachovya, nikameza kwa mazoea, maana sisi tonge la ugali hatulitafuni. Likakaa. Lilikuwa kama jiwe nyuma ya mfupa wa kifua, halafu mate yakaanza kujaa, mazito, yenye povu, hayamezeki. Nikatoka nje nikashika mti wa mwembe, nikatema povu kwa dakika arobaini. Mama alisimama mlangoni na kitambaa, hakusema kitu. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, utakula ugali, lakini si sasa. Wengi huuweza baada ya miezi sita au zaidi, mwororo, tonge dogo, umetafunwa, na baada ya samaki, si kabla. Mkate mweupe na wali ulioshikana ndugu zake ni walewale. Mimi leo nakula ugali mara moja au mbili kwa wiki, kiasi cha nusu ngumi.

Nywele zitarudi. Mwili ukipatwa na msukosuko mkubwa, upasuaji, uzazi au kupungua haraka, mizizi mingi ya nywele inapumzika kwa pamoja, na miezi mitatu baadaye zinaanguka kwa pamoja. Huanza mwezi wa tatu, huendelea mpaka wa sita hivi, kisha zinaota upya. Hivyo wewe uko palepale kwenye kalenda. Ila ikiwa huli protini, na madini ya chuma na zinki yamepungua, zitaendelea kutoka. Kwa hiyo usinunue mafuta ya kukuzia nywele. Pesa hiyo ipeleke kwenye mayai na kwenye kipimo cha damu. Na usisuke rasta nzito kipindi hiki.

Vidonge vya vitamini ni vya maisha, hata siku utakapojisikia mzima kabisa. Vitamini na madini mchanganyiko kila siku, B12, vitamini D, madini ya chuma, na kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ikigawanywa. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, viachane saa mbili, maana vinapokonyana njia. Mimi nameza chuma usiku na kalsiamu mchana. Damu nilipima mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, na sasa kila mwaka. Mwaka wa tatu niliona nimepona nikaacha B12 miezi saba, na vidole vikaanza kufa ganzi. Najua unachokisikia usiku.

Ukweni. Hapa nilikaa muda kabla ya kuandika. Kwetu anayekonda haraka hupewa jina la ugonjwa mmoja tu, na jina hilo husambaa. Kwenye msiba mmoja mama mtu mzima alinishika kifundo cha mkono, akakizungusha kwa kidole gumba na cha kati kupima, akasema, “Mwanangu, umekwisha,” mbele ya jamvi zima. Nilikuwa na kilo 98, bado mnene. Nilichojifunza ni kwamba huwajibiki kumwonyesha mtu yeyote majibu ya vipimo vyako, na hata ukimwonyesha hataamini. Kwa wengine sema tu, nilifanyiwa upasuaji, naendelea vizuri, na unyamaze. Mama mkwe ni mwingine. Yeye hajachukia uzito wako; amenyimwa nafasi ya kukulisha, na kwa mwanamke wa umri wake hilo ni kufungiwa mlango. Mpe kazi. Mwambie, mama, daktari ameniamuru samaki laini asiye na miba, na hakuna anayempika kama wewe. Samaki wake wa kupaka, tui liwe jepesi na pilipili kidogo, ni chakula kizuri kwako kuliko karibu chochote kwenye ile karatasi yangu. Kaa naye jamvini, ule vijiko vyako vitano pole pole naye akiona. Mama yangu alipoanza kunisagia dagaa mwenyewe, maneno yaliisha nyumbani kwetu.

Ramadhani hii usifunge. Nawaomba wagonjwa wangu wote wasifunge mpaka mwaka upite, na kwako sababu ni mbili. Tumbo lako halitaweza kupokea lita moja na nusu za maji na protini yote kati ya futari na daku bila kulazimisha, na kulazimisha ndiko kutapika. Pili, B1 yako ndiyo kwanza inarudi. Mgonjwa ana ruhusa yake, siku zitalipwa. Ukihitaji, nitakuandikia maelezo umpelekee shekhe wako. Mashekhe wengi niliozungumza nao hutaka tu daktari awe wazi.

Mawili mengine hukuyauliza lakini siwezi kukuacha bila kuyasema. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa kwa mgongo na kichwa, zinaweza kukutia vidonda kwenye tumbo hilo; maumivu yakija tumia parasetamoli. Na mimba: uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba huongezeka hata kwa waliohangaika miaka, lakini mtoto anahitaji mwili wenye akiba. Subiri miezi kumi na minane, angalau kumi na miwili. Na kwa kuwa unatapika, vidonge vya uzazi wa mpango usivitegemee. Uliza sindano au kipandikizi.

Umepoteza kilo 25 kwa wiki kumi na moja. Watu watakupongeza. Sehemu ya kilo hizo ni mafuta, na sehemu, kwa kutokula huko, ni misuli yako, kwa hiyo usizihesabu zote kama faida. Kwa upasuaji wako, wengi hupoteza karibu robo ya uzito wao ndani ya mwaka mmoja na nusu, taratibu. Mimi nilifika kilo 91, zikarudi nne, nipo 95 leo. Sinywi tena dawa ya kisukari, napanda ngazi za ghorofa ya tatu kazini nikiwa naongea, na viatu nafunga kamba mwenyewe. Sijawahi kujuta, hata siku ya mwembe.

Jumanne una miadi ya endoskopi Dar es Salaam. Uliza mapema saa za kutokula na kutokunywa kabla ya kamera, na sindano zako za B1 zisikatike kwa ajili ya safari. Beba karatasi ya ruhusa uliyopewa India, hata kama imekunjwakunjwa. Daktari atataka kujua tumbo lilikatwa wapi. Ukianza kuona mbilimbili au kupepesuka kabla ya siku hiyo, au ukipata homa, moyo ukienda mbio umekaa tu, au maji yenyewe yakikataa kukaa, basi la Dar usilingoje. Rudi Bombo, na mwambie daktari wa zamu yaleyale ya mara ya kwanza, kwa mpangilio uleule.